Mfalme kwa usiku mmoja: Majumba ya India yaliyogeuka hoteli

MFALME akishapokonywa ufalme hubakia na nini mkononi? Aghalabu hubakia na jumba. Nalo jumba lisilo na hazina ya kulitunza hugeuka mzigo: paa huanza kuvuja, mchwa huvamia vitabu, na thurea zilizomulika karamu za wakuu hufunikwa na utando wa buibui.

Katikati ya karne ya 20, watawala wa jadi nchini India walijikuta katika hali hiyo. Njia waliyoishika imezaa mojawapo ya starehe ghali mno ambazo msafiri wa leo anaweza kuzinunua ughaibuni: jioni nzima ya kuishi kifalme ndani ya kasri la kweli, akilakiwa, akilishwa na kuimbiwa kana kwamba ni mgeni wa mtawala ambaye, kwa hakika, aliaga dunia miaka mingi iliyopita.

Jioni za aina hii hupangwa kwa kufuata maudhui maalumu. Hoteli huchagua zama fulani, kisha kila kitu, kuanzia vazi la bawabu hadi kitindamlo, huoanishwa na zama hizo. Mgeni huwa amelipia chakula, malazi, na juu ya yote hayo, hadithi.

Ni vyema basi kuelewa hadithi hiyo hutungwa vipi, jumba lilifikaje mikononi mwa wenye hoteli, na ni kina nani wanaosahauliwa inaposimuliwa. Mfano ulio bora pengine ni kasri la Falaknuma, mjini Hyderabad.

Jumba lililomlemea mwenyeji

Hyderabad ni mji mkuu wa jimbo la Telangana, kusini mwa India. Yapata kilomita tano kutoka Charminar, lango mashuhuri la minara minne lililo kitovu cha mji mkongwe, kuna kilima ambacho juu yake limesimama kasri la Falaknuma.

Jina hilo humaanisha kitu kinachofanana na mbingu, au kioo cha mbingu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, maadamu neno 'falak' la Kiarabu ndilo lililotupatia falaki, elimu ya nyota.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka wa 1884. Aliyelijenga, Nawab Viqar-ul-Umra, alitoka katika ukoo wa Paigah, uliooana na nyumba ya kifalme, naye baadaye akawa Waziri Mkuu wa dola ya Hyderabad. Aliagiza marumaru kutoka Italia na samani kutoka Ulaya. Ramani ya jumba ilichorwa kwa umbo la nge, mabawa yake mawili yakitanuka kama magando.

Ujenzi na upambaji ulichukua takriban miaka tisa. Ulipokamilika, kiongozi huyo alikuwa amezama katika madeni.

Ndipo alipokuja mgeni wake mkuu, Mahbub Ali Khan, Nizam wa sita. (Nizam ndicho cheo cha watawala wa Hyderabad.) Mgeni alilipenda jumba hilo, na inasimuliwa kwamba alizidi kuahirisha siku ya kuondoka. Wahenga walituusia kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini ni nani awezaye kumkabidhi mfalme jembe? Mwenyeji alimkabidhi nyumba nzima, naye Nizam akailipia.

Kuanzia hapo, Falaknuma likawa makao ya wageni wa heshima wa dola. Mwaka wa 1906, mwana mfalme wa Uingereza, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme George V, alilala humo pamoja na mkewe Mary.

Hivyo basi, jumba hili lilikuwa jukwaa la kuwashangaza wageni tangu zamani. Wenye hoteli hawakubuni desturi hiyo. Walichofanya ni kuipa bei.

Jioni inavyoendeshwa

Hadithi huanzia langoni. Mgeni huacha gari lake chini ya kilima, akapanda gari la kuvutwa na farasi hadi mbele ya kasri. Anapozikwea ngazi, maua ya waridi humwagwa kutoka roshani na kumwangukia mabegani.

Mbinu hiyo ina kazi mahususi. Mwendo wa farasi humchelewesha mtu aliyetoka katika msongamano wa magari na kelele za jiji. Kufikia mlangoni, amekwisha kuamini kuwa ameacha karne yake huko chini.

Jioni inapoingia, wageni hutembezwa kumbini na mtu anayeijua historia ya jumba. Huonyeshwa maktaba iliyoigwa kutoka kasri la Windsor, Uingereza. Kisha hufikishwa kwenye chumba cha kulia, penye kitu kinachowashangaza wote: meza moja inayokaliwa na watu 101 kwa wakati mmoja.

Meza hiyo haijakoma kutumiwa katika mambo ya dola. Mnamo Novemba 2017, Waziri Mkuu Narendra Modi aliandaa karamu Falaknuma kwa heshima ya Ivanka Trump, binti ya Rais wa Marekani, na wajumbe wa kongamano la kimataifa la wajasiriamali.

Kuhusu chakula, Hyderabad haina haja ya kuiga. Biriani yake mashuhuri hupikwa kwa kuitandika nyama mbichi iliyokolezwa viungo na maziwa ya mgando chini ya wali uliochemshwa nusu, kisha chungu huzibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke. Nyama na wali huiva pamoja, tofauti na biriani ya Mombasa ambayo mchuzi wake mzito hupikwa kando na kukutanishwa na wali wakati wa kupakua.

Baada ya mlo, au kabla yake, huja sauti za kawali, nyimbo za kidini za Wasufi ambazo huanza polepole kwa makofi na kinanda cha mkono, kisha zikapanda hadi waimbaji wakatokwa na jasho. Taa za mji hung'aa bondeni. Wahudumu, wamevaa vilemba na makoti marefu, hupita kimya kimya.

Kila kiungo cha jioni hiyo kina asili ya kweli. Kasri ni la kweli, mapishi ni ya kweli, na kawali imeimbwa Hyderabad kwa karne nyingi. Kilichobuniwa ni mpangilio: vitu vyote vizuri vya zama hizo vimekusanywa katika saa chache, na vyote vilivyokuwa vichungu vimeondolewa mezani.

Kutoka kiti cha enzi hadi kaunta ya hoteli

Ili kuelewa yaliyoondolewa, sharti turejee katika historia.

Waingereza walipoondoka mwaka wa 1947, bara dogo la India lilikuwa na zaidi ya dola 500 zilizotawaliwa na wafalme wa jadi chini ya ulinzi wa Uingereza. Hyderabad ilikuwa na watu wengi kuliko nyingine yoyote. Sensa ya 1941 ilihesabu zaidi ya wakazi milioni 16.

Mtawala wake wa mwisho, Osman Ali Khan, Nizam wa saba, aliwahi kuwekwa kwenye jalada la jarida la Time mwaka wa 1937 kama tajiri mkuu zaidi duniani. Miongoni mwa hazina zake ilikuwamo almasi iitwayo Jacob, yenye uzani wa takriban karati 185, ambayo inasemekana aliitumia mezani kuzuia karatasi zisipeperuke. Hata hivyo, alisifika pia kwa ubahili, na Falaknuma hakulifanya makazi yake.

Nizam alitaka dola yake ijitegemee. Serikali ya India ilikataa, na mnamo Septemba 1948 ikatuma jeshi. Vita vilimalizika kwa siku chache, lakini damu haikukoma kumwagika. Kundi la wapiganaji waliomuunga mkono Nizam, Razakar, lilikuwa limewatesa wanavijiji kabla ya hapo. Baada ya ushindi wa India, kisasi kikawaangukia Waislamu. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Pandit Sunderlal ilikadiria kuwa waliouawa walikuwa kati ya 27,000 na 40,000.

Falaknuma lenyewe lilinyamaza polepole. Rais wa kwanza wa India, Rajendra Prasad, aliyekaa humo mwaka wa 1951, anatajwa kuwa mgeni mkubwa wa mwisho kabla ya milango kufungwa kwa miongo kadhaa.

Kwingineko, wafalme waliojiunga na India kwa hiari waliahidiwa posho ya kila mwaka. Baadhi yao waliona mbali na hawakuitegemea. Mtawala wa Jaipur, Man Singh II, aligeuza kasri lake la Rambagh kuwa hoteli mwaka wa 1957. Mwaka wa 1963, mtawala wa Udaipur naye alifanya vivyo hivyo na kasri jeupe lililo katikati ya Ziwa Pichola, ambalo baadaye lilionekana katika filamu ya James Bond, 'Octopussy', ya mwaka wa 1983.

Mwaka wa 1971 serikali ya Bi Indira Gandhi ilifuta posho hizo pamoja na vyeo vya kifalme kupitia marekebisho ya 26 ya Katiba. Hapo ndipo hata waliokuwa wakisitasita walipolazimika kuchagua: kuuza, kukodisha au kutazama nyumba ikiporomoka.

Falaknuma lilichelewa zaidi. Mrithi wa Nizam, Mukarram Jah, alihamia Australia kufuga kondoo, akaiacha mali yake Hyderabad ikigombaniwa na kuchakaa. Aliyekuwa mkewe, Esra, ndiye aliyerejea kusimamia uokoaji wa majumba. Familia iliikodishia Falaknuma kampuni ya hoteli za Taj, ukarabati ukachukua takriban miaka 10, na hoteli ikafunguliwa Novemba 2010.

Mpango huo una hesabu yake. Mwenye nyumba hubaki na umiliki na hupata kodi. Kampuni hugharamia matengenezo, kisha hurejesha fedha zake kwa kutoza wageni wachache bei kubwa. Mafundi wa mbao, wa plasta na wa vioo hupata kazi ambayo pasipo majumba haya ingekwisha sahaulika. Si haki kuubeza mpango huu, kwani majumba mengi mengine ya waungwana wa Hyderabad yalibomolewa na viwanja vyake kujengwa maduka na nyumba za kupangisha.

Walioachwa nje ya ukumbi

Lakini fahari hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka shambani. Katika vijiji vya Telangana, mabwanyenye wenye ardhi waliwafanyisha wakulima kazi bila ujira chini ya desturi iliyoitwa vetti. Mwaka wa 1946 wakulima waliasi, na uasi wao uliendelea hadi 1951. Si rahisi kuutia uasi wa wakulima katika orodha ya vyakula vya jioni.

Wapo pia waliolinda fahari hiyo, na hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapopaswa kutega sikio.

Katika mji huohuo kuna mtaa unaoitwa A.C. Guards. Herufi hizo ni kifupisho cha kikosi cha wapanda farasi wa Kiafrika waliomlinda Nizam. Wazao wao wangali wanaishi mtaani humo. Ni sehemu ya jamii inayojulikana India kama Masidi, au Mahabeshi, ambao mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka upande wetu, wengi wao wakiwa watumwa, wengine askari na mabaharia. Majeshi ya Nizam yalipovunjwa baada ya 1948, walinzi hao walipoteza riziki na heshima kwa pamoja.

Kusini zaidi, si mbali na kilima cha Falaknuma, kuna mtaa wa Barkas, jina lililotokana na kambi ya askari. Wakazi wake wengi ni wazao wa Waarabu wa Hadhramaut walioajiriwa katika jeshi la Nizam. Mkazi wa Mombasa au Lamu akitembea huko atakutana na majina ya koo yanayoanza na 'Ba', kama yale yale anayoyaona kwenye vibao vya maduka nyumbani.

Ataonja pia chakula anachokijua. Waarabu hao waliingia na harisi, ngano iliyopondwa na nyama hadi ikawa uji mzito. Hyderabad iliitia viungo ikaiita halimu, na mwaka wa 2010 chakula hicho kikasajiliwa rasmi kama mali ya mji huo. Kwetu pwani, harisi iyo hiyo ndiyo bokoboko.

Muziki nao ulivuka. Ngoma ya marfa, inayohanikiza harusi za Hyderabad kwa mdundo unaoweza kumtoa Mswahili kitini, ilikuzwa na jamii hizi mbili: Waarabu wa Hadhramaut na Waafrika.

Kwa hivyo, sahani ya halimu inapoandaliwa katika jioni ya kifalme, yaliyomo ndani yake ni mengi kuliko ladha. Imebeba safari ya askari, ya mtumwa na ya mpishi. Simulizi za kifahari aghalabu huishia kwenye almasi na wageni wa Uingereza. Nizam hutajwa kwa jina. Aliyeshika hatamu za farasi wake hatajwi.

Milango miwili ya nyumba moja

Kuna anayeweza kuuliza: je, hoteli inaweza kutarajiwa kufundisha historia? Mtu amelipa kustarehe, si kuhubiriwa.

Jibu liko Hyderabad kwenyewe. Ukoo uliokodisha Falaknuma ulikarabati kasri jingine, Chowmahalla, lililokuwa makao ya utawala katikati ya mji mkongwe. Hili halikufanywa hoteli. Lilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2005 kama makavazi, na ukarabati wake ukatuzwa na UNESCO mwaka wa 2010. Mwanafunzi, muuza bangili na mjukuu wa mlinzi wa Kiafrika wanaweza kununua tikiti wakaingia kuona kiti cha enzi.

Nyumba moja ya kifalme, milango miwili: mmoja wa kuingiza fedha, mwingine wa kuingiza watu. Mkabala huo unafaa kutafakariwa hapa kwetu.

Inafaa kukumbuka kuwa Falaknuma lina rika lake ng'ambo ya pili ya bahari. Sultani Barghash, aliyewahi kuishi uhamishoni Bombay, alijenga Beit al-Ajaib huko Unguja mwaka wa 1883, mwaka mmoja tu kabla ya Viqar-ul-Umra kuweka jiwe lake la msingi. Moja limepambwa na kuwekewa wahudumu. Jingine lilikuwa makavazi, likachakaa, na mnamo Desemba 25, 2020 sehemu yake ikaporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Kuacha urithi bila fedha nako kuna gharama yake.

Upande mwingine wa mizani, jengo la kale la Mambo Msiige, mjini humo humo, liliingizwa katika hoteli ya kifahari iliyofunguliwa mwaka wa 2015, baada ya UNESCO kueleza wasiwasi kuhusu ujenzi mpya kando yake. Lamu nako, nyumba kadhaa za kale za mawe zimenunuliwa na wageni na kugeuzwa za kulaza watalii. Nyingi zimeokolewa kwa njia hiyo. Nyingi pia hazikanyagwi tena na jirani.

Isitoshe, Mkenya anaijua jioni ya maudhui kutoka upande wa pili wa meza. Katika hoteli za pwani, 'usiku wa Kiswahili' ni jambo la kawaida: biriani kwenye sinia, wahudumu wenye kanzu na leso, na kikundi cha ngoma kilichopewa dakika chache kati ya supu na kitindamlo. Mcheza kwao hutuzwa, tunaambiwa. Swali ni kama aliyeitwa kucheza huulizwa ngoma hiyo ina maana gani, na kama tuzo yake inalingana na bei ya kiti cha mtazamaji.

Hakuna ubaya mtu kutamani kuwa mfalme kwa usiku mmoja. Jungu kuu halikosi ukoko, na majumba haya yangali na mengi ya kukwanguliwa. Bali kila tunapoombwa kukodisha kasri, ngome au nyumba ya babu, mkataba na ueleze mambo matatu kabla ya bei: ni siku zipi mlango utafunguliwa kwa wenyeji, ni sehemu gani ya mapato itakayorudi kuuhifadhi mtaa, na ni majina ya nani yatakayotajwa hadithi inaposimuliwa. Hyderabad imeonyesha kuwa la kwanza linawezekana. Hayo mawili yaliyosalia yanangoja mwenye ujasiri wa kuyaandika.